Siku Chuma cha Bembea Kilipofunga

Nayaandika haya kwa mwanamke ambaye hivi sasa amekaa kwenye benchi la kliniki, nusu ya mwili wake iko nje ya benchi, na jirani yake amegeuza uso dirishani akijifanya anatafuta upepo. Nakujua, kwa sababu nami nilikaa hapo. Watakwambia subiri, mtegemee Mungu, kula mboga. Hawatakwambia kwamba maradhi haya yanatia kinyaa. Nilijichukia, nikawachukia walionizunguka, na nilipoanza kupona nikakuta hata kupona kuna karaha yake. Mimi hakuna aliyeniambia mapema, basi nakwambia wewe.

Naitwa Saumu. Nimezaliwa Pangani, nimeolewa Tanga mjini, Ngamiani, na kazi yangu ni kushona. Mume wangu Athumani anaendesha lori la mawe ya chokaa kutoka Pongwe. Mungu ametujaalia mtoto mmoja, Rukia.

Utotoni nilikuwa mwembamba kama ufito, na raha yangu ilikuwa bembea. Siku za Idi pale Pangani waliweka bembea za mbao zenye visanduku vinne, zikizungushwa kwa mikono na wanaume vifua wazi. Wenzangu walipanda mara moja wakatosheka. Mimi nilipanda mpaka gauni jipya likanuka grisi, na mama akija kunitafuta hakuuliza mtu, alifuata ukelele wangu tu. Ile hali ya tumbo kubaki juu wakati wewe unashuka, niliipenda kuliko pilau.

Nilipoolewa nikaanza kunenepa, na hakuna aliyeona ubaya. Kwetu pwani mke akinenepa, sifa ni za mume. Wifi yangu Fatuma, dada yake Athumani, alikuwa akinishika mkono wa juu mbele ya wageni na kuuminya kama anayepima nyama buchani. "Mwaona? Kaka yangu analisha!" Nami nilicheka, na Athumani naye akanisifu. Baada ya kumzaa Rukia sikupungua tena. Kazi yangu ni ya kukaa, na cherehani haimwulizi mtu ana kilo ngapi.

Rukia alipokuwa na miaka minane nikampeleka uwanjani Idi Mosi. Mwaka ule walileta bembea za mashine: gurudumu kubwa, na nyingine ya viti vya watu wawili wawili, inayozunguka huku ikipanda na kushuka kwa kasi. Hiyo ya pili ndiyo niliyoitamani. Nikakaa, Rukia amebanwa ubavuni. Kila kiti kilikuwa na chuma kinacholazwa mapajani na kufungwa kwa ndoano. Jamaa wa mashine akakilaza chuma kikaishia juu ya tumbo langu. Akasukuma. Akamwita mwenzake, wakasukuma wote wawili, mmoja ameweka goti kwenye kiti kama mtu anayelazimisha sanduku la safari lifunge. Nikahisi mkojo unanitoka. Foleni nzima inatazama.

"Mama, shuka," akasema, akijifuta viganja kwenye suruali kana kwamba ameshika samaki aliyeoza. "Haifungi. Utatuulia watu hapa."

Nikamgeukia Rukia. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Shuka tu, mama," akasema taratibu. "Nitapanda peke yangu."

Nikashuka, nyuma nimelowa, nikashukuru kwamba baibui ni jeusi. Mashine ikazunguka, na kila Rukia alipopita mbele yangu aligeuza uso upande wa pili.

Hapo nilikuwa bado sijaumwa, nilikuwa nimeaibika tu. Maradhi yenyewe yalikuja miaka mitatu, minne baadaye, wakati wa joto la kaskazi. Chini ya matiti, chini ya tumbo na kwenye kinena, ngozi ilikuwa imelala juu ya ngozi na haikauki. Ikawa nyekundu, ikawa nyeusi, kisha ikachanika na kutoa majimaji ya njano. Mtu haisikii harufu yake upesi. Mimi niliisikia kupitia pua ya mwingine. Alikuja mama mmoja kupimwa gauni la harusi ya mwanawe. Nilipomzungushia utepe kiunoni akavuta mtandio puani.

"Shoga, humu ndani amekufa panya," akasema.

"Nilikuwa nami nahisi," nikamjibu.

Tukamtafuta panya, mimi na yeye, tukivuta marobota ya vitambaa na kuchungulia nyuma ya kabati. Katikati ya kutafuta nikajua kwamba panya ni mimi. Niliendelea kuvuta marobota hata hivyo, maana sikujua ningesema nini nikisimama.

Tangu siku ile nikawa nakata vipande vya kitambaa cha marekani na kuvipachika katika mikunjo ya mwili, nikivibadilisha mara tatu kwa siku. Vilitoka vimelowa, vizito, vinanata. Mgongoni na chini ya tumbo mikono yangu haikufika, basi Rukia, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyeniosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Alivuta pumzi nje ya mlango, akaingia, akaosha, akatoka kuvuta nyingine. Hakuwahi kusema neno. Ningependa angesema.

Athumani akahamishia godoro lake sebuleni. "Chumbani joto," akasema. Na kweli kulikuwa na joto, ila joto lenyewe tulikuwa nalo miaka kumi na tatu na godoro halikuhama.

Masika yalipoanza nikajikwaruza muundi kwenye kanyagio la cherehani. Jeraha dogo, halikuzidi ukucha. Nikalipaka dawa, nikasahau. Baada ya wiki mbili lilikuwa na upana wa kiganja. Siku moja nikaona inzi wawili juu ya bandeji, nikawafukuza, wakarudi na wenzao. Athumani alipoliona akashika mlango. "Twende hospitali," akasema, "sasa hivi."

Nilipimwa damu, nikaambiwa nina kisukari na presha. Nikatakiwa nipande mizani, na mshale wa mizani ukaenda mpaka mwisho ukagonga.

"Yetu inaishia hapa, mama," muuguzi akasema, naye mwenyewe aliona haya. "Jaribuni kwa wauza nafaka."

Tukaenda. Fikiria mwenyewe: ghala la mahindi, vumbi la pumba, na sahani ya chuma ya kuwekea magunia. Mchukuzi akafagia punje, akamwuliza Athumani, siyo mimi: "Apande na viatu?" Nikavua. Fukusi wa mahindi wakanipanda miguuni, mmoja akaingia ndani ya bandeji. Sikuweza kuinama kumtoa. Mchukuzi akasoma kilo mia na sitini na nane kwa sauti ileile anayosomea magunia, na mtu ndani ya ghala akapiga mluzi. Athumani aliandika namba ile kwenye karatasi ya hospitali.

Kliniki ya kisukari ilikuwa mara moja kwa wiki, na kufungwa kidonda kila baada ya siku moja. Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabenchi manne, na mimi nilijua lipi lina msumari. Hapo nilikutana na mzee mmoja wa Moa, mkali kama pilipili kichaa, mguu wake wa kulia umekatwa juu ya goti. Watu walikaa mbali nami, yeye akaja kukaa karibu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mguu wako unanuka."

Machozi yakanijaa.

"Usilie, sikukutukana," akasema. "Wangu ulinuka hivyohivyo, na kila mtu kwangu akaniambia haunuki. Wakanipulizia marashi. Wangeniambia mapema, labda ningekuwa nao leo."

Huyo, kati ya wote, ndiye aliyeniamsha. Nilipoingia kwa daktari, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, sikumficha kitu. Nikapandisha nguo nikamwonyesha mpaka vile vipande vya marekani. Akavitoa kwa mkono wake mmoja mmoja, akavihesabu, vilikuwa saba.

"Saumu," akasema, "mwili huu ukibaki na uzito huu, mguu utakatwa. Sisemi labda. Unanielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi tuanze leo."

Sitakusimulia nadharia, daktari wako atakupa. Nitakusimulia kisamvu bila nazi, kinachoteleza kooni kama majani yaliyotafunwa na mbuzi. Nitakusimulia chai isiyo na sukari inayoacha ladha ya kutu. Mwezi wa kwanza nilikula nikilia, na mara mbili nilitapika kwa hasira tu, siyo kwa ugonjwa. Baada ya sala ya alfajiri nilitembea mpaka kona ya mtaa, nikasimama nimeshika ukuta, nikarudi. Kona ya pili niliifikia baada ya Ramadhani.

Fatuma hakupendezwa. Alikuja na bakuli la bokoboko, samli inaelea juu yake kidole kizima.

"Wifi, kula. Watu watasema kaka yangu hakulishi."

"Daktari amekataza."

"Daktari ndiye aliyekuoa?"

Nikalitazama lile bakuli. Nilikipenda chakula kile tangu utoto, na siku ile samli ilinuka kwangu kama usaha. Nikakimbilia uani. Fatuma akaondoka na bakuli lake akiwaambia majirani kwamba nina mimba ya uzeeni.

Kilo zikashuka. Taratibu mwanzoni, kisha kwa kasi iliyotisha watu. Masika ya pili yaliponikuta nilikuwa nimepungua kilo hamsini, mashavu yameingia ndani, shingo imelegea. Kidonda kilikuwa kimepungua pia, ila katikati yake kilibaki kishimo kirefu kisichotaka kufunga. Ungedhani watu watanipongeza. Wale walioniminya mkono kwa sifa sasa walinipa salamu kwa ncha za vidole. Sokoni mwanamke mmoja aliniuliza, "Dawa unazipata lakini?" Sikumwelewa. Nilipomwelewa nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Wiki hiyohiyo, nikifua, nikakuta karatasi kwenye mfuko wa shati la Athumani. Cheti cha kupima ukimwi. Jina lake, tarehe ya juzi, majibu: hana virusi. Nikakaa uani nimeikamata mpaka aliporudi kazini, vumbi jeupe la chokaa kwenye nyusi.

"Hii nini?"

Akaiona, akakaa kwenye ndoo.

"Fatuma ndiye aliyesema..."

"Sikuulizi Fatuma. Nakuuliza wewe."

"Nilitaka kuwa na uhakika, Saumu. Watu wanasema. Unakwisha mbele ya macho yangu."

"Mguu unaoza, unauona. Karatasi ya kilo uliandika wewe kwa mkono wako. Uhakika gani mwingine ulitaka?"

Ninakiri kwamba siku ile nilimchukia kuliko nilivyowahi kuuchukia mwili wangu. Midomo yake iliyonisifu nilipokuwa nakufa kwa unene, leo inasita kuniambia "hongera". Nilimwambia alale hukohuko sebuleni, na safari hii asisingizie joto.

Tukaishi hivyo, salamu na kazi tu, mpaka Rukia alipokwenda shule ya bweni. Ndipo tukakumbuka, kila mtu kwa upande wake, kwamba hakuna wa kuniosha kidonda zile siku zisizo za kliniki. Mimi mwenyewe sikuweza kukiona kishimo vizuri. Kidonda kilikuwa kimetambaa mpaka nyuma ya mguu, na kishimo kilibaki huko. Asubuhi ya kwanza Athumani akasimama mlangoni na beseni.

"Nifanye mimi?"

"Utaweza?"

"Sijui."

Akapiga magoti. Akafungua bandeji, ikanata, akailowesha, akaivuta. Ile harufu ikamjia usoni. Akaweka pamba kwenye kishimo kama muuguzi alivyonifundisha na mimi nilivyomweleza, na usaha ukafuata pamba. Akainuka mbio. Nilimsikia akitapika kwenye mfereji, kwa sauti, kila kitu alichokula. Nikajiambia, basi, ndiyo mwisho wake. Nikavuta beseni nimalizie mwenyewe kwa kupapasa.

Maji ya bomba yakasikika. Akarudi, mdomo umelowa, macho mekundu, akapiga magoti palepale.

"Tumeishia wapi?" akauliza.

Alitapika siku tatu. Ya nne hakutapika. Alikiosha kidonda kile mpaka vuli, na kilipofunga kabisa yeye ndiye wa kwanza kuona, akaniita niweke kidole. Palikuwa na ngozi mpya, laini, nyekundu kama ya mtoto. Hatukuombana radhi kwa maneno. Lakini godoro lilirudi.

Sasa nikwambie kile ambacho hata daktari alinitajia kwa haraka. Mafuta yanakwenda, ngozi haiendi nayo. Nilifika kilo themanini na mbili, na ngozi ya mtu wa kilo mia na sitini na nane bado ilikuwa yangu yote. Tumboni ilining'inia mpaka mapajani kama aproni iliyolowa. Mikono ya juu ilikuwa na mifuko mitupu iliyopigapiga nikianika nguo. Nilipoinama kusujudu ilitangulia kufika sakafuni. Niliitazama kwenye kioo nikahisi kichefuchefu kilekile cha siku za marekani, tena na hasira juu yake: nimeteseka miaka hii yote, nikabidhiwe hili? Nikashona mkanda mpana wa jinzi, nikaikunja ngozi ya tumbo ndani yake kila asubuhi kama shuka. Mikono nikaifunika kwa mikono mirefu hata kwenye joto la kaskazi. Athumani sikumruhusu aiguse. Usiku akinyoosha mkono nilijigeuza.

Idi iliyopita Rukia alikuwa nyumbani, msichana wa miaka kumi na saba. Alasiri akaingia chumbani kwangu amevaa.

"Mama, bembea zimekuja. Twende."

"Nenda na wenzako."

"Nataka kwenda na wewe." Akakaa kitandani. "Siku ile nilikwambia ushuke. Nimeikumbuka kila Idi."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa naona aibu. Twende, mama."

Tukaenda basi. Athumani akafuata nyuma na baiskeli, akisema yeye ni wa kushika mikoba tu, kwani mwanamume huyu anayeendesha lori la mawe huogopa hata ngazi ya dari.

Nisikupambie uwanja. Maji ya juisi yalikuwa yanatiririka kutoka vibandani yakichanganyika na maganda ya mihogo, inzi wametanda, na nyuma ya mashine watu walikojoa wakitazamana. Kiti chetu kilikuwa kinanata. Mtoto aliyetutangulia alikuwa amekiachia aiskrimu, na sidhani ilikuwa aiskrimu peke yake. Nikatandika leso nikakaa. Mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kiua akashika chuma, akakilaza.

Kikafunga. Ndoano ililia mara moja tu, na yule mwanamume akaenda kiti kingine bila hata kuniangalia. Nikaingiza ngumi yangu kati ya chuma na tumbo. Ikapita. Nikaingiza na ya pili.

"Mama, mikono ndani!" Rukia akacheka.

Mashine ikaanza. Mzunguko wa kwanza niliuma meno. Wa pili tukapanda, tukasimama kidogo hewani, kisha tukaanguka, na tumbo langu likabaki juu. Wallahi lilibaki juu, na safari hii siyo hisia tu! Ule mkanda ulilegea, ngozi ikajinyanyua kivyake, ikaelea, ikashuka baada yangu na kunipiga mapajani pwaa. Nikapiga ukelele. Tukapanda tena, ikaelea tena, pwaa. Ilikuwa kitu cha karaha, na nilikuwa nacheka mpaka makamasi yananitoka. Rukia amenikumbatia, mdomo wazi. Katika mzunguko wa mwisho mtu wa kiti cha mbele akatapika, na upepo ukatuletea urojo wake wote, begani kwangu na kwenye mtandio wa Rukia. Tuliposhuka tulikuwa hatufai kutazamwa.

"Astaghfirullahi," Athumani akasema, akirudi nyuma. "Twendeni nyumbani mkaoge."

"Bado," nikamwambia. Nikavua lile baibui la juu lililochafuka, nikabaki na gauni la mikono mifupi na mtandio wangu. Rukia alikuwa ameinama akijifuta, amechoka kwa kucheka. "Rukia, mshikie baba yako mikoba. Wewe, twende."

"Mimi? Saumu, unanijua mimi na juu!"

"Uliosha usaha, utashindwa na bembea?"

Akapanda. Alikaa kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano, akisoma dua zote anazozijua. Chuma kikafunga, nafasi ikabaki kwetu sote. Tulipofika juu, mashine ikasita kabla ya kushuka, Athumani akafumba macho, akapapasa kitu cha kushika, akakamata mkono wangu wa juu. Siyo mfupa. Alikamata ile ngozi tupu, mkono mzima, kwa nguvu zake za kugeuza usukani wa lori.

Nilitaka kujinyofoa. Kinyaa kilinipanda mpaka kooni.

"Usiniachie," akasema, macho bado amefumba.

Tukaanguka. Akapiga ukelele kama mtoto, nami nikapiga wangu juu ya wake, na mkono nikamwachia aushike.